TAHADHARI: Hedseti ya Bluetooth yenye mkono wa maiki, na ndani ya mkono hamna maiki

Wakuu, habari za mihangaiko. Mimi ni dereva wa kirikuu, nabeba mizigo kutoka Kariakoo kwenda Mbagala, Kongowe, Kigamboni, popote mteja anakoniita. Kazi yangu yote iko kwenye simu. Mteja akipiga mara mbili sijapokea, anamwita mwenzangu. Nikipokea kwa mkono huku naendesha, trafiki akiniona ni faini ya Sh30,000, na siku nyingine hiyo ndiyo faida yote ya tripu. Ndiyo maana mwezi uliopita nikasema basi, ninunue hedseti ya Bluetooth, ile ya sikio moja yenye kimkono kinachofika karibu na mdomo, kama wanazovaa madereva wa malori ya masafa.

Nimepigwa Sh45,000. Si hela ya kuuzia kirikuu, lakini jinsi nilivyopigwa ndiyo inayonifanya niandike, maana wizi wenyewe haukuwa siku ya kulipa. Ulikuwa siku tatu zilizofuata.

Niliiona Instagram. Picha nzuri, kiganja cha mtu kimeshika hedseti nyeusi, kidole kina pete ya jiwe la kijani. Maelezo: maiki inachuja kelele, inakaa na chaji siku nzima, unaweza kuunganisha simu mbili kwa wakati mmoja, garantii ya kurudisha siku 3. Mahali: "Kariakoo". Mtaa hakuna, namba ya duka hakuna. Sehemu ya maoni imefungwa. Hapo tu ningeshtuka, lakini nilikuwa na haraka, na mwenye haraka ndiye wanayemtafuta. Boda akaleta mzigo, nikamwambia subiri niijaribu. Akasema, "Bosi, mimi nimetumwa tu, nina mizigo mingine." Nikatuma hela kwenye namba aliyonipa muuzaji. Namba ya mtu binafsi, wala siyo Lipa Namba, ile ya malipo ya biashara, na jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri halikufanana hata herufi moja na jina la ukurasa. Nikalipa hivyohivyo. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Kwenye muziki haina shida. Nilifungulia taarabu, nikafurahi. Simu ya kwanza ikaingia, namsikia mteja vizuri kabisa, yeye ananiambia, "Uko wapi, kisimani?" Nikapaza sauti. Akasema sasa nasikika kama mtu aliyefunikwa na godoro.

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu haraka, tena kwa adabu: "Kaka pole, hujaiunganisha vizuri. Futa jina lake kwenye Bluetooth, izime, shikilia kitufe mpaka taa ziwake nyekundu na bluu kwa kupokezana, halafu unganisha upya." Nikafanya. Kisima kilekile. Akasema nirekodi sauti WhatsApp nimtumie asikie. Nikarekodi, ikatoka safi. "Umeona kaka? Maiki nzima. Tatizo ni mtandao wako." Nikaamini, nikahamia laini nyingine. Nilikuja kujua baadaye kwamba mara nyingi ukirekodi sauti namna ile, inayosikiliza ni maiki ya simu yenyewe, hata kama hedseti iko sikioni. Huo ndio mchezo wao, wanakupa jaribio ambalo hedseti haiwezi kufeli.

Siku ya pili somo likaendelea. Bonyeza mara moja kupokea, shikilia kukata, bonyeza mara mbili. Nikabonyeza mara mbili, kumbe kwenye hedseti nyingi hiyo ni kupiga tena namba ya mwisho. Nikampigia mama mmoja wa Tandika anayeuza viti vya plastiki, mara nne, bila kujua. Mara ya nne akaja juu: "Mwanangu, unapiga halafu unanong'ona, una nini na mimi?" Nilimwomba radhi, na mzigo wa wiki ile akampa mwingine.

Siku ya tatu: "Ichaji saa 8 mfululizo, izime, uipumzishe usiku kucha ndiyo maiki ifunguke." Ifunguke kama ua! Nikaipumzisha. Asubuhi ya siku ya nne nikaandika kwamba naomba kurudisha. Jibu: "Kaka siku 3 zimepita, tungependa kukusaidia." Baada ya hapo picha yake ya WhatsApp ikapotea, ujumbe ukawa hauvuki tiki moja.

Nikaipeleka kwa fundi wangu wa simu pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Akaifungua kwa wembe, akacheka mpaka akaita wenzake. Ule mkono wa maiki ni bomba tupu la plastiki, hauna hata uzi mmoja wa waya. Maiki yenyewe, ndogo kama punje ya mtama, imechomelewa kwenye saketi huku nyuma ya sikio, ndani ya boksi, na boksi halina tundu. Ndiyo maana kisima. Fundi akasema hata mashine ya kuchuja kelele ungeiweka humo, ingechuja nini?

Kwa hiyo mkinunua, jaribuni hivi kabla hela haijatoka. Msiangalie muziki, pigeni simu ya kawaida. Iacheni simu yenu kwa rafiki au juu ya kaunta, sogeeni hatua saba nane ili maiki ya simu isiwasikie, halafu ongeeni kwa sauti ya kawaida na mtu aliye upande wa pili. Kisha kwaruzeni ncha ya ule mkono kwa ukucha, taratibu. Kama maiki iko pale, anayewasikiliza atalalamika kwamba kuna kitu kinamkwaruza sikioni. Mimi nilikwaruza mbele ya fundi huku shemeji yangu yuko hewani, hakusikia kitu. Nilipokwaruza nyuma ya sikio ndipo akauliza, "Hiyo nini?" Jaribio hilo halichukui dakika mbili, na muuzaji anayelikataa ameshakujibu.

Kwa simu nyingi za Android, ukishaunganisha, gusa alama ya mipangilio pembeni ya jina la hedseti. Utakuta swichi moja ya simu na nyingine ya muziki na video. Ya simu ikiwa imezimwa, iwashe, pengine shida yako ni hiyo tu. Ikiwa haipo kabisa, kifaa hicho hakikutengenezwa kwa kupiga simu, hata kama boksi limeandikwa nini.

Nisiwaonee wauzaji wote, maana kuna malalamiko mengine ni ya bure. Ukisikiliza muziki halafu simu ikaingia, sauti itapungua utamu, inakuwa nyembamba kama redio ya mbao. Huo si ubovu. Bluetooth inahama kwenda kwenye njia ya mazungumzo, inabeba sauti ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kwa hiyo ubora unashuka. Na kama simu imepokelewa lakini sauti inatokea kwenye simu badala ya sikioni, angalia kwenye skrini ya simu, kuna sehemu ya kuchagua sauti itokee wapi. Kwa hayo mawili usigombane na mtu.

Risiti niliyopewa ni karatasi ya daftari yenye muhuri wa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", wakati yeye mwenyewe alitangaza siku 3. Hakuna TIN, yaani namba ya mlipakodi, wala si risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Ukiwa na risiti ya EFD angalau una mahali pa kuanzia, hata ukienda Tume ya Ushindani, ambao bidhaa bandia ni kazi yao. Mimi nilikuwa na namba ya simu tu, nimeiripoti kwenye 15040, ile ya bure ya namba za matapeli. Hela sijaiona na siitegemei.

Juzi usiku nikiwa foleni ya kivukoni Kigamboni nikakutana na tangazo. Ukurasa mwingine, jina jipya, wafuasi wengi kuliko wa kwanza, sehemu ya maoni imefungwa, bei imeshuka mpaka Sh38,000. Kiganja ni kilekile, na kidole kina ile pete ya jiwe la kijani.