Sokoni Malindi msimu wa kusi: mboga za shamba, muhogo na machungwa

Kusi likishika, mashua ndogo hukaa ufuoni na samaki hupanda bei hadi mtu akaona heri ale mboga. Nami ndivyo nilivyoanza. Jumamosi tatu za Julai nimedamka kwenda sokoni kutafuta mazao ya mashamba ya huku huku, Jilore, Ganda na Gede, si kabeji na karoti za lori kutoka bara.

Nenda mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi. Kina mama wanaoteremka na matatu huwa wameshatandika magunia yao nje, na wengi huuza wakarudi zao kabla ya saa tatu. Ukichelewa utawakuta wachuuzi walionunua kwa hao hao, wakaongeza shilingi 10 kila fungu. Siwalaumu, nao wanatafuta, ila majani yatakuwa yameshanyauka.

Na majani ndiyo yanayonirudisha. Masika yakiisha, kunde, mchicha, mnavu na mabamia huwa tele, tena laini. Nilimwamkia bibi mmoja shikamoo, nikaokota fungu lake la mchunga la shilingi 20, nikawa naligeuzageuza.

"Mwanangu, umewahi kuupika?"

"Naujua kwa kuula tu, bibi."

Akacheka, akanitilia na mnavu kidogo wa bure. Mchunga peke yake utakushinda kwa uchungu, akasema. Changanya, katakata nyembamba, chemsha, mwaga maji ya kwanza, ndipo utie tui zito. Nilifuata hivyo hivyo. Sufuria ilikombwa, na mwanangu, ambaye sukuma huisukuma pembeni ya sahani, aliomba ugali mwingine.

Muhogo ndio ulionitia hasara. Wiki ya kwanza nilichukua fungu kubwa kwa mchuuzi, udongo bado umeganda juu yake, nikadhani umeng'olewa jana. Kuumenya, mistari myeusi ndani kila mahali. Muhogo huanza kuharibika siku mbili tatu tu baada ya kung'olewa, na udongo wa nje hausemi lolote. Siku hizi naomba uvunjwe mmoja mbele yangu; muuzaji akikataa, naenda zangu. Nazi nayo itikise sikioni usikie maji, kisha tazama macho yake, maana unyevu wa msimu huu huleta ukungu hapo.

Machungwa usiyahukumu kwa rangi. Ya pwani hubaki kijani hata yakiiva, kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kutosha kuyageuza manjano, hata Julai hii tunayojifunikia shuka mbili. (Mabaharia wa Vasco da Gama waliporudi hapa Januari 1499 wakiugua kiseyeye, machungwa ndiyo waliyoyatamani.) Nilimenyewa moja nionje, nikabeba dazeni.

Ubaya ni tope. Mvua ikinyesha usiku, njia za kati ya magunia hazipitiki kwa champali. Beba kikapu chako, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, na ubebe pesa ndogo ndogo. Wengine hupokea M-Pesa. Bibi wa mchunga hapokei. Wiki ya pili nilikuwa na noti ya 1,000 tu, na alfajiri ile hakuna aliyekuwa na chenji. "Chukua, utalipa Jumamosi," akaniambia, wala hata jina langu hakuniuliza. Jumamosi nilifika kabla yake, nikamngoja.