Tasnifu ndefu: Ctrl+H au mitindo?

Kwenye saiba za Kisumu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno wanapokaribia kuwasilisha tasnifu, ombi ni lile lile: msimamizi anataka vichwa vyote vitoke herufi nzito viwe mlazo.

Ctrl+H ya Word, inayotafuta kitu na kukibadilisha popote kilipo, ni ya haraka. Sanduku la kutafutia liache tupu, liwekee umbo la herufi nzito. La pili, la kubadilishia, liwekee mlazo bila unene, la sivyo utapata vyote viwili. Shida ni kwamba haijui kichwa ni kipi. Neno ulilolikoleza katikati ya aya nalo litalazwa, na hutagundua mpaka karatasi itoke kwenye printa, ukilipia kila ukurasa.

Mitindo (Styles), yaani umbo la maandishi lililohifadhiwa kwa jina, ina kazi mwanzoni: kila kichwa kikuu kipe mtindo wake, Ctrl+Alt+1. Baadaye unarekebisha mtindo mara moja, vichwa vyote vinafuata, na hata orodha ya yaliyomo unaitoa humo humo. LibreOffice Writer, programu kama Word ambayo ni ya bure, hufungua mitindo kwa F11.

Barua ya kurasa tatu, Ctrl+H yatosha. Tasnifu hurudishwa tena na tena, kwa hiyo mimi nachagua mitindo. Umeletewa faili isiyo na mitindo? Ctrl+H inaweza kutafuta herufi nzito za ukubwa wa 14 na kuzipa mtindo wa kichwa.