Bakuli la hisani kwenye simu: MoMoPay na Airtel Money kwa tovuti ndogo za Uganda

Mwenye tovuti aliye Kampala au Arua anayetaka wasomaji wamchangie kwa hiari, huyu shilingi 500, yule 2,000, ana milango miwili. Wa kwanza ni kurasa za kigeni za kumnunulia mwandishi kahawa. Wa pili ni namba ya biashara (ya kupokea malipo, si ya kupigiwa) ya MTN au Airtel, iliyobandikwa chini ya makala. Wa pili tunaupa nyota nne kati ya tano. Wa kwanza unapata moja, na hiyo ni kwa heshima ya wasomaji walio ughaibuni.

Kurasa za kigeni hazihitaji maneno mengi. Buy Me a Coffee hukata asilimia 5 na hulipa kupitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyosajiliwa Uganda. Ko-fi haikati kitu kwenye hisani yenyewe, lakini pesa lazima ipite PayPal au Stripe, na huko makato ya kadi yanasubiri. Kwa kiwango kilichozoeleka Marekani cha 2.9% na senti 30 juu yake, dola 1 inafika ikiwa imepungua senti 33. Flattr ya Sweden iliuona mtego huo mapema, mwaka 2010: msomaji aliweka kiasi cha mwezi mzima, kuanzia euro 2, kikagawanywa kwa kila alichokibofya. Hesabu ilikuwa safi, lakini ilimtaka kila msomaji awe amejiandikisha kwanza. Ilifungwa 2023.

Pesa ya simu haidai usajili mpya, maana msomaji anayo tayari. Kwa MTN anapiga *165*3#, anaingiza namba ya biashara, kiasi, maelezo mafupi, kisha namba ya siri. Kwa Airtel ni *185*9#, mpangilio uleule. Kwenye MoMoPay, yaani malipo ya biashara ya MTN, mlipaji hakatwi ada. Hata aliyeishiwa na bando katikati ya makala anaweza kulipa, kwa kuwa menyu hizi hazitumii intaneti.

Kosa kubwa la wengi ni kuweka namba yao ya kawaida badala ya namba ya biashara. Mtumaji anakatwa ada ya kutuma, namba yako binafsi inabaki wazi kwa kila mpita njia, na jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha ni lile la kitambulisho chako, ambalo msomaji halijui. Akiona jina geni anaghairi, na ana haki, kwa utapeli wa kwenye simu ulivyo. Sajili namba ya biashara kwa jina lilelile lililo juu ya tovuti, herufi kwa herufi.

La pili ni kutoa pesa mara kwa mara. Kwa bei za MTN za akaunti ya kawaida, kutoa 2,000 kwa wakala hugharimu 330, na ushuru wa 0.5% unaongeza 10: asilimia 17 imekwenda. Ukisubiri hadi zifike 60,000, unakatwa 1,500 na ushuru 300, yaani asilimia 3 tu. Ushuru huo ulianza Julai 2018 ukiwa 1% na ukigusa karibu kila muamala. Makelele yakaufanya ushushwe na kubaki kwenye kutoa pesa peke yake. Kwa hiyo hisani ikilipwa haitozwi ushuru huo. Kinachotozwa ni haraka ya mpokeaji. Afadhali ulipie umeme na bando moja kwa moja kutoka kwenye salio.

Sasa kitufe chenyewe cha kulipia kwenye ukurasa, ambapo wengi hujikwaa. Kiungo kinachofungua kibao cha kupigia huandikwa tel:*165*3%23. Ile %23 ndiyo alama ya reli. Ukiandika # yenyewe, kivinjari hukiona kilichoanzia hapo kama alama ya sehemu ya ukurasa na hukikata, simu ikapiga nusu ya namba. iPhone inaweza kuvikataa viungo vyenye nyota au reli, kwa hiyo lazima maandishi ya kawaida yawepo pembeni. Na menyu ikishafunguka hufunika ukurasa: msomaji hawezi kurudi kunakili namba bila kuipoteza menyu. Andika namba ya biashara kwa herufi kubwa, uitenganishe tarakimu tatu tatu ili ishikike kichwani, na uiweke juu ya kitufe, si chini yake.

Weka namba za mitandao yote miwili. Msomaji wa Airtel hawezi kuitumia *165*3#, na hatakuandikia kuuliza, ataondoka kimya.

Sehemu ya maelezo usiiache wazi. Mwombe msomaji aandike alama ya makala, kwa mfano M14. Bila hiyo unaona pesa imeingia tu, hujui ni habari ya bei ya kahawa Mbale iliyomgusa au tangazo la mechi. Herufi tatu zinatosha. Ukidai kichwa cha habari kizima, wengi wataandika nukta.

Nyota iliyokosekana ni ya mchango wa kila mwezi. Kwa njia hii hakuna kinachojirudia chenyewe: kila mara msomaji lazima apige upya na kuingiza namba ya siri upya. Anayetaka kuchangia mwaka mzima mpe kiasi cha mkupuo, tuseme 12,000, badala ya kumtarajia akumbuke 1,000 mara kumi na mbili. Pia andika sera ya kurudisha pesa, mstari mmoja, karibu na kitufe. Sifuri moja ya ziada hugeuza 5,000 kuwa 50,000, na atakayekosea atakutafuta usiku huohuo.