Uzoefu wangu na krimu ya tretinoini pamoja na losheni ya kukinga jua kwa uso wenye makunyanzi

Tretinoini ni krimu ya dawa inayotokana na vitamini A. Kwa zaidi ya mwaka sasa nimekuwa nikiipaka usoni usiku, ile yenye nguvu ya asilimia 0.025, na asubuhi ninapaka losheni ya kukinga jua yenye SPF 50 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), yote kwa maelekezo ya daktari wa ngozi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watu wa rika langu, wanawake kwa wanaume, ambao wameanza kuona makunyanzi na wanasita mbele ya chupa nyingi zilizopangwa madukani. Ninakaribia umri wa miaka hamsini, ni afisa ugani mkoani Morogoro, na kazi yangu kwa sehemu kubwa hufanyika mashambani, chini ya jua la mchana. Hukumu yangu naitoa mapema: mikunjo midogo chini ya macho na mashavuni imepungua kiasi cha kuonekana, madoa ya jua yamefifia vizuri, lakini mistari mirefu ya paji la uso na ile inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo ipo palepale. Kama ningelazimika kubaki na kimoja kati ya vitu hivi viwili, ningebaki na losheni ya jua.

Daktari aliniomba kwanza nikunje uso, kisha niulegeze. Mistari inayoonekana tu wakati wa kucheka au kukunja kipaji, alisema, inatokana na misuli iliyo chini ya ngozi. Ile inayobaki hata uso ukiwa umetulia inaonyesha kwamba ngozi yenyewe imepungukiwa. Chini ya tabaka la juu kuna nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini zinazoirudisha mahali pake inapovutwa. Umri hupunguza utengenezaji wa nyuzi hizo, na moshi wa sigara huzidhoofisha, lakini adui mkubwa wa uso ni jua. Mionzi ya urujuanimno ya aina ya A hupenya hadi kwenye tabaka hilo la ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, ilhali ile ya aina ya B huishia zaidi juu na ndiyo inayounguza. Jambo hili lina maana kubwa kwa mnunuzi, kwa sababu namba ya SPF hupima hasa kinga dhidi ya aina ya B. Anayetafuta kinga dhidi ya mikunjo atazame pia kama kifungashio kina herufi UVA, yaani ile mionzi ya aina ya A, ndani ya duara, au alama ya PA yenye vijumlisho (+) kadhaa mbele yake.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba ngozi nyeusi haihitaji kinga ya namna hii, na imani hiyo ina ukweli ndani yake: melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hutukinga kweli, na mikunjo hutuchelewa kuliko watu weupe. Hata hivyo, kuchelewa si kutofika, na kabla mikunjo haijafika, jua huacha alama zake kwa njia nyingine, yaani madoa na rangi isiyolingana usoni. Shangazi yangu wa Tanga, aliyepaka liwa tangu usichana, ana paji la uso laini kuliko langu, na nyumbani sifa zote hupewa liwa. Liwa inaburudisha na kunukia vizuri, sina neno nayo, lakini mimi ninaamini kwamba ushungi wake na maisha ya kukaa barazani kivulini ndivyo vilivyomtunza zaidi.

Kilichonishawishi kabisa ni habari ya dereva mmoja wa lori wa Marekani, mwenye umri wa miaka 69, ambaye picha yake ilichapishwa na madaktari wa Chicago katika jarida la New England Journal of Medicine mwaka 2012. Alikuwa ameendesha lori la kusambaza bidhaa kwa miaka 28, na upande wa kushoto wa uso wake, ule uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa umekunjamana na kunenepa kana kwamba ni wa mtu mwingine mzee zaidi, kwa sababu mionzi ya aina ya A hupita kwenye kioo cha pembeni. Ushauri aliopewa ulikuwa kujikinga na jua na kupaka dawa za kundi la tretinoini, yaani mambo yaleyale niliyoandikiwa mimi. Huku kwetu dereva hukaa kulia, na ninapoendesha gari la ofisi kwenda Kilosa au Mvomero huwa ninahakikisha kwamba shavu, sikio na shingo ya upande huo vimepakwa sawasawa.

Sasa niieleze losheni yenyewe. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa na oksidi ya zinki kwa wingi, na ingawa inakinga vizuri, iliniacha na weupe wa majivu usoni ambao hakuna mtu mweusi anayeweza kwenda nao kwenye mkutano wa wakulima. Nilihamia aina inayotumia vichujio vya kemikali, ambayo ni nyepesi, haina weupe, na hukauka haraka, japo huwasha macho jasho likitiririka. Kipimo chake ni mistari miwili ya losheni iliyojaa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Kiasi hicho huonekana kikubwa mno mara ya kwanza, lakini ukipaka nusu yake hupati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Mtu akiwa nje anapaswa kurudia kila baada ya saa mbili, na hapa ndipo kasoro yake kubwa ilipo kwa mfanyakazi wa shambani, kwa sababu chupa huisha upesi na bei si ndogo. Kwa hiyo ninategemea pia kofia ya ukili yenye ukingo mpana, ambayo hainigharimu chochote baada ya kuinunua. Tofauti kati ya SPF 30 na SPF 50 ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani ya kwanza huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi ya aina ya B na ya pili takribani 98. Anayepata SPF 30 kwa bei nafuu na kuipaka kwa ukarimu yuko salama kuliko anayeibania SPF 50.

Ushahidi wa faida yake upo. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kati ya mwaka 1992 na 1996, na matokeo kuhusu kuzeeka kwa ngozi yalichapishwa mwaka 2013: waliopaka losheni kila siku hawakuonyesha ongezeko la kuzeeka kwa ngozi katika miaka minne na nusu, na kuzeeka kwa ngozi yao kulikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko kwa wenzao wasiopaka kila siku. Ninajua pia, na ninalisema kwa fahari, kwamba Moshi kuna losheni iitwayo KiliSun inayotengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwao losheni ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, na hawapaswi kamwe kushindana na sisi wa mikunjo katika kuipata.

Tretinoini ina historia ndefu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi, kutokana na kazi ya daktari wa ngozi Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na wagonjwa wenye umri mkubwa ndio waliosema kwamba uso wao umekuwa laini pia. Mwaka 1995 krimu ya asilimia 0.05 ikaidhinishwa kwa mikunjo midogo. Baadhi ya majaribio ya awali ya Kligman yalifanyika kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, jambo ambalo linaniumiza, na ninaona anayeitumia dawa hii anastahili kulijua.

Inavyofanya kazi ni kwamba huingia hadi kwenye kiini cha seli, huamsha utengenezaji wa kolajeni mpya, huzuia vile vimeng'enya vinavyoikata, na huharakisha ngozi ya juu kujibadilisha. Kuharakisha huko ndiko kunakoleta adha ya mwanzo. Wiki za kwanza ngozi yangu ilikauka, ikabanduka magamba pembeni mwa pua na kidevuni, na ikawa inachonyota hata kwa maji ya kawaida. "Mama, dawa hii haitaki haraka," daktari alikuwa ameniambia, "ukiilazimisha itakuachia madoa." Alikuwa na sababu, kwa kuwa ngozi nyeusi ikiwashwa sana huacha weusi mahali palipowashwa, nasi tunakuwa tumeongeza tatizo tuliloliendea hospitali. Nilianza kwa usiku wa kuruka, nikipaka kwanza mafuta mepesi ya kulainisha, kisha krimu kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima uliokauka, nikiepuka kope na pembe za mdomo. Ngozi ilipozoea ndipo nikaongeza siku.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya rangi. Madoa ya mashavuni yalianza kufifia kabla sijaona chochote kwenye mikunjo, na mikunjo yenyewe ilihitaji miezi mingi. Atakayeacha baada ya mwezi mmoja atakuwa amevumilia magamba yote bila kufika kwenye faida.

Dukani nilikutana na muuzaji aliyesisitiza ninunue krimu yenye kolajeni badala ya dawa niliyoandikiwa. Chembe za kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi, kwa hiyo krimu hiyo hulainisha tu kama mafuta mengine mazuri, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya dawa yangu. Retinoli inayouzwa bila cheti cha daktari ni jamaa wa tretinoini, lakini ngozi huigeuza kwa hatua mbili kabla haijafanya kazi, hivyo ni dhaifu zaidi. Kwa mwenye ngozi nyepesi kuwashwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Jambo ninalolikemea bila kumung'unya maneno ni mkorogo wa kujichubua. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ndiyo inayosimamia vipodozi tangu mwaka 2019, lakini michanganyiko hiyo bado huuzwa kwa siri, mara nyingi ikiwa na steroidi kali ndani yake. Steroidi hufanya uso ung'ae kwa muda, kisha huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane, na ngozi iliyokonda hukunjamana mapema. Nimewaona wanawake wa umri wa binti zangu wenye nyuso za namna hiyo, na inanisikitisha sana.

Kuhusu ile mistari mirefu iliyobaki, daktari hakunificha kwamba krimu haitaifikia. Sindano ya Botox hulegeza misuli kwa miezi mitatu hadi minne, ikaisha, ukarudia, na gharama ikarudi nayo. Mimi nimeamua kuiacha mistari hiyo; anayeitaka sindano aitafute kwa daktari mwenye mafunzo, si saluni.

Mjamzito, anayetarajia mimba au anayenyonyesha asiguse tretinoini bila kuzungumza na daktari wake. Tyubu nayo itunzwe mbali na mwanga na joto, kwa sababu mwanga huiharibu dawa, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kupakwa usiku. Unaponunua, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na uhakikishe muhuri wa mdomo wa tyubu haujatobolewa. Mimi huinunua kwenye famasi yenye mfamasia aliyesajiliwa, nikiwa na cheti mkononi, na tyubu moja hunitosha kwa miezi kadhaa.