Feni ya prosesa isiyopiga kelele: uzoefu wangu na Noctua NF-P12 redux

Narekodi masomo ya sauti ya wanafunzi wa sekondari, chumbani kwangu Tabata, usiku bodaboda zikishapungua na majirani wakishazima redio. Kwa miezi kadhaa kila nilichorekodi kilikuwa na mvumo nyuma yake, kama mtu anachemsha maji chumba cha pili. Nikalaumu maikrofoni, nikalaumu waya, nikatundika mapazia mazito. Usiku mmoja nikafungua kava la kompyuta, nikaigusa feni ya prosesa (ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) pale katikati penye stika mpaka ikasimama, kwa sekunde tatu tu. Mvumo ukakatika.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, prosesa Ryzen 5 3600, na hitisinki yake, yaani chuma chenye mapezi membamba kinachonyonya joto la prosesa, ni ile ya mnara inayovaa feni ya milimita 120. Feni niliyokuwa nayo niliinunua Kariakoo kwa sababu ya taa zake na urahisi wa bei. Mwezi wa nne beringi ikaanza tik-tik-tik, hasa asubuhi ikiwashwa kabla haijapata moto. Fundi akabandua stika akadondosha tone la mafuta ya cherehani. Ikatulia wiki mbili, ikarudi palepale. Zaidi ya hapo ilikuwa na waya mbili tu za umeme, na bodi kuu ya kompyuta yangu haikuweza kuipunguza mwendo. Ilizunguka kasi ileile niwe naandika barua au nachakata video.

Safari hii sikutaka kununua kwa macho. Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba desibeli zinazoandikwa kwenye boksi hazisaidii sana. Huwa ni za kasi ya mwisho, na kila kampuni inapima kwa namna yake, kwa hiyo kulinganisha namba za kampuni mbili ni kujidanganya. Cha kuuliza ni hiki: feni inaweza kushuka mpaka mizunguko mingapi kwa dakika bila kukwama, na ikiwa huko chini bado inasukuma hewa ya kutosha? Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, hewa nayo inapungua kwa karibu nusu, lakini kelele inashuka kwa kama desibeli 15, na hizo sikio linazisikia waziwazi. Ndiyo maana feni pana inayozunguka taratibu inaishinda feni ndogo inayokimbia.

Halafu kuna suala la msukumo. Mapezi ya hitisinki yamebanana, hewa haipiti kirahisi. Feni iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoa hewa nje ya kava inaweza kuwa na namba nzuri za ujazo wa hewa, lakini ukiibana kwenye mapezi inaishiwa nguvu. Tafuta inayosifiwa kwa msukumo.

Nikaishia kwenye NF-P12 redux-1700 PWM ya Noctua, kampuni ya Austria. Waya nne, na PWM maana yake ni kwamba bodi inaweza kuipangia mwendo; kasi kuanzia kama mizunguko 450 hadi 1,700 kwa dakika. Mtoto wa mama mdogo aliniletea kutoka Dubai. Rangi ya kijivu, taa hakuna, na mtu anayependa kompyuta iwake kama duka la simu hataipenda. Mimi naipenda hivyohivyo. Bei yake ni kubwa ukilinganisha na feni za kawaida za mtaani, hilo lazima niseme, ila zile za mtaani nilikuwa nimeshanunua mbili kwa mwaka mmoja.

Kuifunga kulichukua dakika kumi. Angalia mwelekeo: upande wenye nguzo zinazoshika mota ndiko hewa inakotokea, kwa hiyo upande huo uelekee mapezi. Toleo hili la redux linakuja bila mipira ya kuzuia mtikisiko, inauzwa peke yake. Nilikata vipande vinne vya tyubu ya baiskeli, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, nikaviweka kwenye kona kati ya feni na hitisinki. Kabla ya hapo ukiweka kiganja juu ya kava ulihisi linatetemeka kidogo. Sasa huhisi kitu.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi unayoifungua kompyuta inapowaka, na hapa ndipo wengi wanaponunua feni nzuri halafu wakailaumu bure. Ryzen hizi joto lake linaruka: unafungua kivinjari tu, linapanda nyuzi kumi mara moja kisha linashuka. Feni ikifuata kila mruko, inapanda na kushuka kama mtu anayehema. Nikaweka mwendo ubaki chini, kama mizunguko 600, mpaka joto lifike 65, kisha upande polepole, na nikaongeza sekunde kadhaa za kusubiri kabla feni haijabadilisha kasi. Prosesa hii kikomo chake ni nyuzi 95, kwa hiyo 65 haina shida yoyote.

Ninaporekodi nazima pangaboi, na chumba kinafika nyuzi 31. Prosesa inakaa 48. Nikichakata video kwa nusu saa inafika 76 na feni inasikika, ila ni sauti ya upepo tu. Joto la chumba linajiongeza moja kwa moja kwenye prosesa, kwa hiyo usishangae ukiona namba za watu wa nchi za baridi ziko chini kuliko zako.

Somo la juzi, jiografia kidato cha pili, nililisikiliza mara mbili kwa hedifoni nikitafuta ule mvumo. Haupo.

Kila baada ya wiki sita nasafisha kwa brashi ndogo ya rangi, maana vumbi la Tabata linaziba mapezi kama pamba, na feni inalazimika kukimbia tena. Ukitumia blowa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, beringi inaumia. Na kabla hujaagiza, pima feni iliyopo kwenye hitisinki yako kwa rula, kutoka tundu la skrubu hadi tundu la kona ya pili upande huohuo: kwenye feni ya 120 ni milimita 105, kwenye ya 92 ni 82.5.