Viunzi vya mita 110: kipi kimfae kocha mwenye mwanadekathloni na mrukaji viunzi

Ukiletewa viunzi vya kufundishia mita 110, anza kukagua chini, kwenye vizito vya kitako, kabla hujatazama ubao wa juu. Hapo ndipo pesa ya mnunuzi hupona au hupotea. Kiunzi halali cha mashindano hakipungui kilo 10, na hupinduka kikisukumwa katikati ya ukingo wa juu kwa nguvu ya kilo 3.6 hadi 4.0. Kikiwa kigumu kuliko hapo, goti la mguu wa nyuma ndilo linalolipa. Kikiwa chepesi, mwanariadha anazoea kukipangua bila kujua amekosea wapi, na upepo nao unakilaza kabla ya mlio wa kuanzia.

Kati ya aina zinazouzwa, tunakipa nafasi ya kwanza kiunzi cha chuma chenye vizito vya kusogeza kwa mkono. Miguu ya kitako haizidi sentimita 70. Nguzo mbili ni bomba ndani ya bomba, zenye kifungo cha springi kinachochomoza kwenye tundu la kimo unachotaka. Ubao una urefu wa sentimita 118 hadi 120 na upana wa milimita 70. Hakikisha vimo vyote vitano vipo: mita 0.762, 0.838, 0.914, 0.991 na 1.067. Katika visiwa vya Karibi hili si anasa. Kocha anayeandaa vijana kwa CARIFTA, mashindano ya riadha ya vijana wa Karibi yaliyoanza mwaka 1972, humlea kijana mmoja kutoka 0.914, akampandisha 0.991, kisha 1.067 akiingia kwa wakubwa. Na kwenye uwanja huohuo, saa hiyohiyo, kuna wasichana wanaohitaji 0.762 na 0.838.

Kosa linaloharibu kazi ni kubadili kimo na kuacha vizito vilipokuwa. Ubao ukiwa juu, msukumo mdogo unatosha kuupindua, kwa hiyo vizito husogezwa mbali na nguzo, kuelekea ncha za miguu. Ukiushusha hadi 0.762 ukaviacha kwenye alama ya 1.067, kiunzi kitadai kilo 5 na ushei ili kipinduke. Msichana wa miaka 15 akikigonga hicho, hatakuwa na hamu ya kurudi kesho. Kinyume chake, ukipandisha ubao na kuacha vizito kwenye alama ya chini, kinapinduka kwa kilo 2.6 hivi. Usiziamini alama za kiwandani bila kupima. Chukua mizani ya springi ya ndoano, ifunge katikati ya ubao, vuta kwa usawa kuelekea upande wanakokimbilia, usome namba kiunzi kinapoanza kuinuka. Pima kila kimo, kila kiunzi. Ukikuta viwili katika seti moja vinapishana kwa nusu kilo, virudishe dukani.

Wapo wanaouza viunzi ambavyo vizito hujisogeza vyenyewe ubao unapopandishwa. Kwa siku ya mashindano vinaokoa muda mwingi. Kwa mazoezi ya kila siku vina sehemu nyingi zaidi za kukwama mchanga, na kikikwama huoni kwa macho.

Kiunzi kinachojirudisha chenyewe, chenye kitako kilichopinda kama kiti cha kubembea na ubao uliofunikwa sponji, kina kazi yake: marudio mengi ya mazoezi ya mguu wa nyuma, na wanaoanza wenye hofu. Kwa hao tunakisifu. Lakini hakimwambii mtu ukweli kuhusu mita 110. Anayegonga hasikii kishindo, hapotezi mwendo kiasi anachopaswa kuupoteza, na akigeuka anakuta kimesimama kana kwamba alipita safi. Viwili au vitatu vinatosha. Usijaze leni nzima.

Aina yoyote utakayonunua, miguu ya kitako iwe upande anakotokea mwanariadha. Kiunzi kilichogeuzwa hakipinduki, na mtu hupita nacho. Ndiyo maana kukimbia kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja wa viunzi ni marufuku. Anayerudi atumie leni yenye viunzi vilivyoelekezwa kwake, au arudi akitembea.

Kuhusu idadi, sita kwa leni moja zinatosha mazoezi karibu yote. Kiunzi cha kwanza kiko mita 13.72 kutoka mstari wa kuanzia, vingine vinafuatana kwa mita 9.14, kwa hiyo cha sita kinakaa mita 59.42. Mrukaji wa mita 110 akifika hapo, mwendo wake umeshajionyesha. Mwanadekathloni, anayeshindana michezo kumi kwa siku mbili, ni mtu mwingine. Anaviruka viunzi asubuhi ya siku ya pili, miguu ikibeba mita 400 ya jana jioni. Mshushie hadi 0.991 na usogeze viunzi karibu kwa sentimita 30 hadi 60, ili azishike hatua tatu kati ya viunzi bila kuzivuta. Pointi zinadai hivyo: sekunde 14.00 humpa pointi 975, sekunde 15.00 humpa 850. Pointi 125 kwa sekunde moja si za kuacha, na Maurice Smith wa Jamaika, aliyechukua medali ya fedha ya dekathloni kwenye mashindano ya dunia ya Osaka mwaka 2007 kwa pointi 8,644, alizijenga jumla za namna hiyo kipande kwa kipande.

Nunua vya kujaza angalau leni mbili ukiweza. Leni ina upana wa mita 1.22, ubao karibu uijaze yote, na mikono ya wanaume wawili warefu hukutana. Dayron Robles wa Cuba, wakati huo akishikilia rekodi ya dunia ya sekunde 12.87 aliyoiweka Ostrava mwaka 2008, alimaliza wa kwanza kwenye mashindano ya dunia ya Daegu mwaka 2011 akanyang'anywa ushindi kwa kumgusa Liu Xiang wa China mkononi. Anayefanya mazoezi peke yake mwaka mzima hajui msongamano huo.

Kasoro za aina tuliyoipa nafasi ya kwanza zinajulikana. Chumvi ya bahari hula bomba la ndani kwanza, kifungo cha springi kikagoma kurudi. Dai chuma kilichopakwa zinki, na tundu la kutolea maji chini ya kila nguzo. Ubao wa plastiki hukauka juani na kupasuka pale skrubu zinapopita, kwa hiyo uliza mapema kama ubao wa akiba unauzwa peke yake. Vifuniko vya mpira kwenye ncha za miguu vikidondoka, bomba tupu linaikata tartani, ile sakafu ya mpira ya kukimbilia. Na kibano cha kizito kikilegea, kizito huteleza kila kiunzi kinapoanguka. Kikaze kila wiki, kisha rudi na ile mizani ya ndoano upime upya.