Leaf ya 24 na Leaf ya 40: niliyoyaona barabara za Unguja

Huu mwaka wa pili naendesha Nissan Leaf ya 2013, gari ya umeme, betri ya kilowati-saa 24, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Shemegi yangu anayo ya kilowati-saa 40. Sote tunakaa Mwanakwerekwe na tunaazimana, kwa hivyo zote mbili nazijua vyema.

Yangu niliinunua kwa kutazama kilomita. Zilikuwa chache, rangi inang'aa, nikalipa. Sikutazama vijiti vidogo vilivyo pembeni kulia mwa geji ya chaji, vinavyoonesha uzima wa betri. Betri isiyochoka ina vijiti 12. Yangu ilibakiwa na 9. Kikipotea cha kwanza, betri imeshapungua uwezo kiasi cha asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Muuzaji hakunambia, na mimi sikujua kuuliza. Linaniuma mpaka leo.

Mjini haina tabu. Darajani, kazini, kumchukua mtoto skuli, jioni narudi na chaji bado ipo. Tabu ni kwenda shamba. Nungwi ni karibu kilomita 60, na siku ya harusi nilimpakia shangazi na watoto, kiyoyozi kinavuma. Tulipopita Kinyasini nikatazama geji, nikakizima, tukafungua vioo.

"Mwanangu, tutafika kweli?" shangazi akauliza.

Tulifika, lakini kurudi siku ile haikuwezekana. Tulilala huko, gari ikachajiwa usiku kucha. Shemegi alikwenda na kurudi bila kuchaji, na vipimo vya Marekani vinaipa ile ya 40 kilomita 243 kwa chaji moja ikiwa mpya. Ya 24 ya miaka ile ya mwanzo ilipewa 117 tu.

Kuchaji ndiko kunakotaka uangalifu. Kwa soketi ya kawaida ya ukutani yangu inachukua kama saa kumi kutoka chini mpaka kujaa. Ya shemegi hata usiku mmoja hautoshi ikiwa imeisha kabisa. Mwanzo nilitumia ekstensheni ya dukani. Asubuhi moja nikasikia harufu ya plastiki, nikaichomoa: mguu mmoja wa plagi umekuwa mweusi na tundu lake limeyeyuka. Nikamwita fundi, akavuta waya mnene kutoka kwenye meni suwichi na kuweka soketi ya peke yake. Fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza, watoto wamelala ndani humo.

Jengine ni joto. Betri za Leaf zetu hizi hazipozwi kwa maji, na jua la kaskazi halina huruma. Siiachi tena juani ikiwa imejaa. Naichaji mpaka kama asilimia 80, naiegesha chini ya mwembe.

Kwa anayetafuta: kwa mjini tu, ya 24 yenye vijiti 11 au 12 inatosha. Kama una wazee Makunduchi au Nungwi, jikaze ufike kwenye 40. Na beba kidude cha kuchomeka chini ya usukani, uisome betri kwenye simu kwa programu ya LeafSpy. Muuzaji akikukataza kukichomeka, ondoka.